Ufundi wa Kupanga Faili za Michezo ya Mashine za Sarafu

Mashine ya Pac-Man iliyouzwa na kampuni ya Midway nchini Marekani kuanzia mwaka 1980 haikuwa na diski wala kanda. Mchezo wote ulikaa ndani ya chipu za kumbukumbu zilizopachikwa kwenye bodi. Chipu nne za kilobaiti 4 kila moja zilibeba maagizo ya programu, mbili zilibeba picha, na nyingine ndogo zaidi zilibeba rangi na mawimbi ya sauti. Ili mchezo huo uchezeke kwenye kompyuta, kila chipu husomwa kwa kifaa maalumu na yaliyomo huhifadhiwa kama faili. Kwa hiyo mchezo mmoja ni kundi la faili, yaani seti, na ikipungua faili moja tu, mchezo huharibika au hauwaki kabisa.

Programu inayojulikana zaidi kwa kuigiza mashine hizi ni MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria wa Italia na kutolewa mara ya kwanza Februari 1997. Ndani yake mna orodha ya kila seti inayoitambua, ikitaja jina la kila faili, ukubwa wake na namba zake za uhakiki: CRC32 yenye tarakimu 8 na SHA-1 yenye tarakimu 40. Namba hizo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, na ikigeuka biti moja tu, nazo hugeuka. Huo ndio msingi wa ufundi huu: jina ni dai, na yaliyomo ndiyo ushahidi. Faili iliyopewa jina la ovyo hutambulika na kurudishiwa jina lake, ilhali yenye jina sahihi na yaliyomo mabovu hukataliwa.

Hatua inayofuata ni nasaba. Mchezo uleule ulitoka katika matoleo mengi, ya nchi na kampuni mbalimbali. MAME huchagua toleo moja kuwa seti mama, na mengine huwa seti tanzu. Seti mama ya Pac-Man ni ya Japani, nayo huitwa puckman. Ile ya Midway, pacman, ni tanzu. Baadhi ya faili zao, kama zile za rangi, hazitofautiani hata kidogo, ndiyo maana kuna njia tatu za kuzipanga. Katika njia ya kwanza, seti tanzu hubaki na faili zake za pekee tu na kutegemea za mama. Katika ya pili, ukoo mzima huwekwa katika kifurushi kimoja cha zip. Katika ya tatu, kila seti hujitosheleza. Njia hii ya mwisho hutumia nafasi nyingi, lakini mchezo unaweza kuhamishwa peke yake.

Kuna pia faili zinazotumiwa na michezo mingi kwa pamoja. Michezo ya Neo Geo ya kampuni ya SNK huhitaji seti ya neogeo, yenye programu ya msingi ya mashine. Michezo iliyotumia diski kuu, kama Killer Instinct ya mwaka 1994, huhitaji pia faili ya CHD, ambayo ni nakala ya diski iliyobanwa, na huwekwa ndani ya folda yenye jina la mchezo.

Kazi hii haina mwisho, kwa kuwa MAME hutoa matoleo mapya mara kwa mara. Chipu iliyosomwa vibaya zamani ikisomwa upya, orodha hurekebishwa, na mkusanyo uliokamilika jana huonekana una pengo. Programu za clrmamepro na RomVault hulinganisha faili na orodha, hurekebisha majina na kutaja zilizokosekana.

Haki miliki haina budi kuheshimiwa pia. Michezo mingi bado ina wenyewe, na ni michache tu, kama Gridlee na Robby Roto, ambayo wamiliki wake wameiruhusu itumiwe bure bila biashara.

Thamani ya ufundi huu hupita burudani. Chipu huzeeka, na data yake hupotea. Orodha iliyotunzwa kwa uaminifu huonyesha kilichookolewa, kilichosomwa kwa kasoro, na kile ambacho hakijasomwa kamwe, hivyo mwenye bodi ya zamani hujua kama chipu alizo nazo bado zinatafutwa.