Nani Alimjengea Nani? Uhakiki wa Sentensi Moja ya Historia

Wahakiki wetu wamezoea kushika kazi nzima: riwaya, tamthilia, diwani ya mashairi. Katika insha hii napenda kuhakiki sentensi moja tu. Ina maneno manne, haina mtunzi ajulikanaye, na hata hivyo imekaririwa na watu wengi kuliko diwani yoyote niijuayo. Sentensi yenyewe ni hii: "Waingereza waliwajengea Wahindi reli." Tumeisikia madarasani, tumeiandika katika mitihani, na kila uzukapo mjadala juu ya ukoloni hakosekani mtu wa kuitoa kama karata ya turufu. Wengine huongeza posta, simu, mifereji na utumishi wa serikali, lakini umbo la sentensi ni lile lile.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi na tuanze kwa haki. Tarehe 16 Aprili 1853 gari la moshi la abiria lilitoka Bombay kwenda Thane, mwendo wa kilomita 34 hivi, likiwa na wageni wapatao 400. Kufikia mwaka 1900 reli za Bara Hindi zilikuwa zimefika yapata kilomita 40,000. Mwaka 1854, wakati wa Gavana Mkuu Dalhousie, iliundwa Idara ya Kazi za Umma. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya posta iliyoweka nauli moja ya barua, nusu anna, iwe barua inakwenda mtaa wa pili au upande wa pili wa nchi. Na mwaka huo huo ukafunguliwa mfereji mkuu wa mto Ganges, uliosimamiwa na mhandisi Proby Cautley. Waya za simu ya maandishi nazo zilikuwa zikinyoshwa kutoka Calcutta kwenda Agra. Haya ni mambo ya kweli, na mhakiki anayeyakana hajaanza kazi yake.

Lakini ukweli wa kitu hauthibitishi ukweli wa sentensi inayokitaja. Mwalimu wa sarufi hutufundisha kuuliza: mtenda ni nani, kitendo ni kipi, na kitendo hicho kinamwendea nani? Na tuulize hivyo hivyo hapa.

Mtenda, yasema sentensi, ni "Waingereza". Lakini Waingereza gani? Waliochimba tuta, waliopasua majabali ya milima ya Ghat nyuma ya Bombay, waliobeba mawe na kokoto vichwani, wanaume kwa wanawake, walikuwa ni wenyeji kwa makumi ya maelfu, na wengi walikufa kwa kipindupindu, kwa homa na kwa ajali. Waingereza walikuwa wahandisi, wasimamizi na wenye hisa. Tukisema kwamba mwenye kujenga ni yule mwenye mtaji, hapo napo pana fundo. Mtaji ulitoka London, ni kweli. Ila ulitolewa kwa ahadi. Kampuni za reli zilipewa ardhi bure, na wenye hisa wakahakikishiwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Reli isipoingiza kiasi hicho, pengo lilizibwa na hazina ya Bara Hindi, yaani na kodi ya mkulima ambaye huenda hajapata hata kuliona gari la moshi. Mwaka 1872 William Massey, aliyekuwa msimamizi wa fedha katika serikali hiyo hiyo, aliieleza kamati ya Bunge la Uingereza kwamba kwa mtaji uliodhaminiwa hivyo, mwenye fedha hakujali kama pesa zake zimegeuzwa matofali au zimetupwa mtoni. Maneno hayo hayakutoka kwa adui wa dola. Yalitoka kwa mtunza hazina wake.

Sasa tufike kwenye kitendo. Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina: kauli ya kutendea. Mtu hujenga, na mtu humjengea mwenziwe. Irabu moja tu huingia katika kitenzi, nayo hubeba nia yote ya mtenda. Katika sentensi yetu uongo haumo katika "reli" wala katika "jenga". Umejificha katika irabu hiyo moja. Je, reli zilijengwa kwa ajili ya Wahindi?

Ushahidi bora ni waraka wa Dalhousie mwenyewe wa mwezi Aprili 1853. Ni waraka ulioandikwa vizuri, wa mtu mwenye akili pana na hakika ya jambo lake. Na anayeusoma kama mhakiki ataona kwamba hauna haya wala kificho. Hoja zake zina mpangilio. Kwanza, reli itaiwezesha serikali kuwapeleka askari popote kwa siku chache pale ambapo awali walihitaji miezi. Pili, Uingereza inalilia pamba, na Bara Hindi ina pamba isiyofika bandarini kwa ubovu wa njia. Tatu, bidhaa za viwanda vya Uingereza zitapata soko hata katika miji ya mbali ya bara. Kustawi kwa wenyeji kumetajwa pia, lakini kama matokeo yatakayofuatia, si kama shabaha. Kwa hiyo mwandishi wa waraka alikuwa mkweli kuliko wale waliokuja kumsifu baadaye. Yeye hakuandika "tuwajengee". Irabu ile ilitiwa baadaye, na watu wengine, baada ya maasi makubwa ya 1857 na baada ya utawala kuhama kutoka kampuni kwenda kwa Malkia mwaka 1858, wakati dola ilipohitaji kujieleza.

Tazama pia majina ya vyeo, maana mtunga mashairi hawezi kupita jina bila kuligusa. Afisa aliyetawala wilaya katika sehemu kubwa ya Bara Hindi alikuwa hakimu, msimamizi wa polisi na mkuu wa barabara. Lakini cheo chake kwa Kiingereza kilikuwa na maana ya "Mkusanya Kodi". Utawala wenyewe ulisema hivyo ulikuwa wa nini. Kwetu, wananchi walimwita mkuu wa wilaya wa kikoloni "Bwana Shauri", kwa sababu wao walimwendea na mashauri yao. Hapo pana tofauti ya mambo mawili: jina ambalo serikali inajipa, na jina ambalo raia wanaipa kwa kutumaini.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi reli na tuipime kwa dhiki. Kati ya 1876 na 1878 njaa kuu iliikumba Madras, Mysore, Bombay na nchi za jirani, ikaua watu wapatao milioni tano au zaidi. Reli zilikuwapo. Simu ilikuwapo. Tarehe 1 Januari 1877, njaa ikiwa imeshika, Gavana Mkuu Lytton alifanya karamu ya fahari mjini Delhi kumtangaza Malkia Victoria kuwa Maliki wa Bara Hindi. Wafanyabiashara walitumia reli kuondoa nafaka vijijini na kuirundika mahali penye bei nzuri. Simu ikaeneza habari za kupanda kwa bei kwa kasi kuliko ilivyoeneza msaada. Na nafaka ikaendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Katika kambi za kazi, Sir Richard Temple alipunguza posho ya mwanamume mwenye kuponda mawe hadi ratili moja ya nafaka kwa siku na sarafu ya anna moja.

Mtu wa haki ataongeza kwamba baada ya msiba huo iliundwa Tume ya Njaa, iliyotoa taarifa yake mwaka 1880, na kutokana nayo zikaandikwa kanuni za kukabili njaa ambazo zilikuwa hatua ya kweli ya kiutawala. Ataongeza vilevile kwamba njaa za 1896 na 1899 ziliua watu wengi tena, kanuni zikiwa zimekwisha andikwa na reli zikiwa zimeongezeka maradufu. Njia husafirisha kile ambacho mwenye njia ameamua kisafiri.

Miongoni mwa waliolitambua jambo hili mapema, nampenda zaidi Romesh Chunder Dutt. Alizaliwa Calcutta mwaka 1848, akashinda mtihani mgumu wa utumishi wa serikali uliofanyiwa London, akatumikia hadi 1897. Alikuwa pia mtunzi wa riwaya kwa Kibangali, na mfasiri aliyeitia Mahabharata na Ramayana katika beti za Kiingereza. Mtu huyo wa majalada na wa mashairi alitoa historia ya uchumi wa Bara Hindi kwa juzuu mbili, 1902 na 1904. Uzuri wa kazi yake ni kwamba hakupiga kelele. Alichukua hesabu za serikali yenyewe akazifanya zitoe ushahidi. Alionyesha kwamba hadi 1900 reli zilikuwa zimemtia mlipa kodi hasara ya pauni zipatazo milioni 40, na kwamba mifereji ya kumwagilia mashamba, iliyofaa zaidi katika nchi ya ukame, ilipewa fungu dogo sana ikilinganishwa na reli.

Lakini hata Dutt ana upungufu wake. Aliomba utawala uwe mwema zaidi. Hakuuliza kama una haki ya kuwapo. Na katika kurasa zake tunamsikia mlipa kodi, wala hatumsikii mbeba kokoto. Gandhi naye, katika kijitabu chake cha 1909, alikwenda upande wa pili akazilaani reli zenyewe. Na bado ni yeye aliyekuja kuizunguka nchi yake kwa behewa la daraja la tatu. Tena, Desemba 1885, wajumbe 72 walipokutana Bombay kuanzisha chama cha Congress, wengi walisafirishwa na reli zile zile zilizowekwa ili askari wafike haraka. Chombo kikishaundwa huweza kubadili nahodha. Hilo ni sifa ya walioutwaa usukani, wala si zawadi ya aliyeunda.

Kwa nini habari hizi ziingie katika kitabu cha utamaduni wetu? Kwa sababu zilivuka bahari. Reli ya Mombasa hadi ziwa Victoria, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na yapata 2,500 kati yao walikufa. Hata upana wake wa mita moja ulitoka kule. Sheria za Bara Hindi za jinai, ushahidi na mikataba zilitumika katika mahakama zetu, na sheria yetu ya ushahidi ya 1967 bado ina sura ya ile ya 1872. Lugha yetu nayo ilipokea gari, laki, rupia, bima na chapa, ingawa maneno hayo yaliletwa zaidi na wafanyabiashara wa majahazi kuliko na serikali. Lugha ilichukua ilichokihitaji bila kumshukuru gavana.

Nawaomba walimu wafanye jaribio moja. Iandikeni ubaoni ile sentensi ya maneno manne, kisha waacheni wanafunzi waisahihishe. Mmoja ataandika: "Wahindi walijenga reli kwa kodi yao, kwa amri ya Waingereza." Mwingine atapinga, atawakumbuka wahandisi. Waacheni wabishane, mradi kila mmoja alete ushahidi. Wakimaliza, waulizeni maswali yale yale juu ya reli, madaraja na mabwawa yetu wenyewe: nani aliamua, nani anabeba deni, nani anapanda, na mwaka wa njaa behewa litakuwa limepakia nini? Kijana atakayezoea kuuliza hivyo akiwa darasani hatanyamaza atakapokuwa karani, mhandisi au mbunge, na jalada litakapofika mezani pake ataisoma ile irabu moja kabla hajatia sahihi.