Sifa za Bunduki ya Mwanzi

Kijana wa Gredi ya Sita, huko chini ya Runyenjes mashamba ya kahawa yanakoteremkia mtoni, alikata mwanzi mbele yangu shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti. Alichagua tawi lenye unene wa kidole gumba, akalipuliza, akatia jicho kwenye tundu huku amelielekeza juani, kisha akalitupa. La pili pia alilitupa: tundu lilikuwa pana upande mmoja. La tatu alilikata katikati ya vifundo viwili, akalainisha midomo ya mwanzi kwa jani la msasa, akalibana kwapani na kwenda kutafuta kijiti. Nimewahi kuona nyumba zikijengwa na watu wasiokagua mbao kwa makini kiasi hicho.

Aliyekulia miteremko ya Mlima Kenya hahitaji kuelezwa bunduki hiyo. Ni mrija, kijiti cha kusukumia, na risasi mbili za karatasi iliyotafunwa. Moja huziba mdomo wa mbele, ya pili husukumwa kutoka nyuma, na hewa iliyonaswa katikati hubanwa hadi ikose pa kukaa. Kisha pap! Ya mbele imeruka, moshi mwembamba wa mvuke umetoka, na kuku wa jirani wametawanyika.

Ufundi wenyewe umo kwenye kijiti. Wasiojua hukata kijiti kirefu kama mrija, nacho husukuma risasi zote mbili nje, mchezo ukaishia hapo. Anayejua hukifanya kipungue kwa urefu wa risasi moja tu, ili ile ya nyuma ikifika mbele isimame mdomoni na kugeuka risasi ya mbele ya mlio unaofuata. Kila mpigo unaandaa mpigo mwingine. Ili asihangaike kupima kila mara, fundi hukichomeka kijiti kwenye kipande kingine cha mwanzi huohuo, kiwe kishikio, na kishikio kikigonga mrija mkono unajua umefika. Ncha yake hupondwa kwa jiwe mpaka nyuzi zifunguke na kujaa tundu lote. Yote hayo niliyaona yakifanywa bila rula, bila penseli, na bila mtu mzima kusimamia.

Kijiti chenyewe ni cha mbuni. Machipukizi ya kahawa yanayopogolewa hunyooka vizuri na yakikauka huwa magumu sana. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ni miongoni mwa sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na tangu hapo wazee wamebishana juu ya bei na malipo ya vyama vya ushirika. Watoto hawakuwa na ubishi huo. Wao zao lao lilikuwa matawi yaliyoangushwa.

Kwetu sisi tuliosomea upande wa baridi, kuelekea Kibirichia na Timau, mianzi haikuwa karibu, lakini viazi vilikuwa tele. Ganda la biro lililokwisha wino lilichomekwa kwenye kipande cha kiazi kibichi na kujikatia risasi lenyewe, duara kamili. Karatasi ilitaka akili zaidi. Ikiwa na mate mengi ilimwaga hewa, ikiwa kavu ilivujisha, na ya gazeti iliacha ladha ya wino ulimini siku nzima. Iliyosifika ilikuwa ya daftari la hesabu, na sababu haikuwa ubora wa karatasi peke yake. Sheria ilikuwa moja, nayo haikuhitaji kuandikwa popote: usimlenge mtu usoni. Aliyeivunja alivunjiwa bunduki yake, na wakubwa hawakuitwa.

Miaka mingi baadaye, Kidato cha Tatu, mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni jina la Robert Boyle na kanuni yake ya 1662: ukipunguza nafasi ya gesi bila kubadili joto lake, shinikizo huongezeka. Darasa liliinukuu kwa bidii. Sidhani wengi walitambua kwamba viganja vyao vilikuwa vimeijua kanuni hiyo kabla ya kujua kuandika vizuri.

Mlimani mikono imewahi kuunda bunduki zisizo za mchezo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa msituni waliokuwa na silaha chache walijiundia nyingine kwa mabomba ya maji, vyuma vya komeo za milango na mipira ya magurudumu. Baadhi ziliwalipukia wenyewe mikononi. Sizitaji ili kuzilinganisha na mrija wa mtoto. Nazitaja kwa kuwa kizazi kile kiliamini kwamba kitu usichoweza kununua unaweza kukitengeneza.

Wala haikuwa imani ya hapa tu. Lonnie Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1949, alitengeneza na baba yake kifaa cha mianzi cha kurushia matunda ya mmelia kwa nguvu ya hewa. Mmelia huo ni jamaa wa karibu wa mukau, mti wa mbao unaoota kwenye ukame wa Mbeere. Mtoto yule alikua akawa mhandisi, akafanya kazi NASA, akabuni bunduki ya maji ya Super Soaker, kisha akashughulikia na zile za kurusha vishale vya sponji. Mwaka 2013 kampuni ya Hasbro iliamriwa imlipe karibu dola milioni 73 za mirabaha aliyokuwa akiidai. Sasa huko kwao wapo watu wazima wanaojifungia karakanani wikendi nzima kujiundia bunduki za sponji zinazoendeshwa kwa gesi iliyobanwa, ilhali madukani zimejaa. Wao wamenunua hadi wakachoka, wakarudi kutengeneza.

Sisi ndio kwanza tunanunua. Krismasi ikikaribia, barabara za Embu na Meru hupambwa kwa bunduki za plastiki za rangi ya chungwa. Vishale hupotelea kwenye majani siku ya kwanza, springi hulegea kabla ya mwaka mpya, na mtoto hubaki na kitu asichoweza kukifungua wala kukirekebisha. Mrija wa mwanzi ukipasuka, aliyeukata anajua ulipasukia wapi na kwa nini.

Tulipoletewa mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote Januari 2019, nilifurahi niliposikia kwamba watoto wataunda vifaa vya kuchezea kwa malighafi ya mazingira yao. Kumbe kazi hiyo hufika nyumbani saa mbili usiku, mzazi akaulizia kwenye kundi la WhatsApp ni nani anayeuza gari la waya lililokwisha kutengenezwa, na asubuhi muuzaji amelipwa kwa M-Pesa. Mwanafunzi hulibeba tu hadi darasani. Huko Runyenjes, mwanzi aliokuwa nao kijana yule haukuwa wa kazi ya shule, na nilipomuuliza kama amewahi kumwonyesha mwalimu wake, alishangaa. Alisema babu ndiye aliyemfundisha, na kwamba shuleni hairuhusiwi.