Mtenda Asiyetajwa: Uhakiki wa Sarufi ya Ahadi katika Matamko ya Sera ya Lugha ya Kufundishia Tanzania

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya matamko ya sera yanayohusu lugha ya kufundishia nchini Tanzania, hususani Sera ya Utamaduni ya 1997 na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014. Mjadala wa muda mrefu umejikita katika swali la iwapo Kiswahili kinaweza kufundishia sekondari na vyuo vikuu. Makala inaeleza kuwa matamko yenyewe hayakukanusha uwezo huo. Yaliukubali, kisha yakautaja kwa vitenzi visivyombebesha mtu yeyote wajibu. Kwa kuchunguza kauli za vitenzi, uteuzi wa vitenzi na kuwapo au kutokuwapo kwa muda na kipimo, inaoneshwa kuwa dalili za kutotekelezwa zilikuwamo ndani ya matini tangu siku zilipochapishwa. Makala inapendekeza kuwa wanaisimu washiriki katika uandishi wa matamko, badala ya kuitwa baadaye kutoa istilahi.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa matini za Kiswahili kwa kawaida huelekezwa kwenye riwaya, tamthiliya na ushairi. Matini za serikali huachiwa wanasheria na wataalamu wa utawala, kana kwamba lugha yake ni chombo kitupu kinachobeba uamuzi uliokwisha kufanywa mahali pengine. Mtazamo huo una kasoro. Sera ni matini kabla ya kuwa kitendo. Afisa elimu wa wilaya, mkuu wa shule na mwandishi wa vitabu vya kiada hawakuwapo katika kikao kilichoipitisha. Wanachokipata ni sentensi. Sentensi isipowaambia nani afanye nini na lini, hawana namna ya kuitekeleza hata wakiwa na nia njema.

Suala la lugha ya kufundishia linafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu limeandikiwa matamko mengi huku hali darasani ikibadilika kidogo. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya sekondari na elimu ya juu. Mwanafunzi aliyejifunza usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili hukutana na dhana zilezile Kidato cha Kwanza zikiwa na majina mageni. Mwalimu wake humfafanulia kwa Kiswahili ili aelewe, kisha humwandikia ubaoni kwa Kiingereza ili afaulu mtihani.

2.0 Ushauri Wenye Tarehe

Katika hatua ya ushauri, lugha haikuwa na utata. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iliundwa mwaka 1980 na kuwasilisha taarifa yake mwaka 1982. Ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia Kidato cha Kwanza ifikapo Januari 1985, kisha kipande darasa kwa darasa hadi kufika vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu anaweza kulikubali au kulikataa pendekezo hilo, lakini hawezi kudai kuwa halieleweki. Lina mahali pa kuanzia, mwezi wa kuanza na mwelekeo wa kupanda.

Mwaka 1984 ulitolewa ushauri mwingine. Criper na Dodd, watafiti kutoka Uingereza, walibaini kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo, walishauri kwamba Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kiimarishwe. Serikali haikutekeleza pendekezo la Tume kuhusu lugha, na katika nusu ya pili ya muongo huo mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza ulianza kwa msaada wa Uingereza.

Tofauti ya hatima ya shauri hizi mbili isielezwe kwa hoja zake za kielimu peke yake. Shauri la pili lilifuatwa na fedha, vitabu na wataalamu. Shauri la kwanza lilikuwa na tarehe tu, na tarehe hiyo ikapita. Kuanzia hapo, matini za sera zilizokizungumzia Kiswahili hazikurudia kutaja mwaka wa kuanza.

3.0 Kutoka Kutendwa hadi Kutendeka

Mwaka 1995 Wizara ya Elimu na Utamaduni ilitoa Sera ya Elimu na Mafunzo iliyothibitisha kuwa Kiingereza kitaendelea kufundishia sekondari. Miaka miwili baadaye wizara hiyohiyo ilitoa Sera ya Utamaduni iliyotamka kwamba mpango maalumu wa kuwezesha elimu katika ngazi zote kutolewa kwa Kiswahili "utaandaliwa na kutekelezwa". Wahakiki wengi wameuona mgongano wa sera hizi mbili. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni umbo la vitenzi vya sera ya pili.

Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Kisarufi, kauli ya kutendwa huruhusu mtenda arejeshwe kwa kiunganishi "na": utaandaliwa na nani? Na wizara? Na Baraza la Kiswahili la Taifa? Na chuo kikuu? Nafasi hiyo ipo katika sentensi, ila imeachwa wazi. Msomaji anaweza kuiuliza sentensi swali hilo na kudai jibu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilipiga hatua nyingine. Ilitamka kuwa Kiswahili "itatumika", yaani lugha hiyo ya taifa, kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Wengi waliishangilia, na kwa haki, kwa kuwa kwa maudhui lilikuwa tamko bayana kuliko yote yaliyotangulia. Hata hivyo, kitenzi hiki kiko katika kauli ya kutendeka. Wanafunzi wa sarufi huielewa tofauti hii kupitia mfano uliozoeleka: "kikombe kimevunjwa na mtoto" ni sentensi kamili, lakini "kikombe kimevunjika" haina mahali pa kumweka mtoto. Ni kweli kuwa katika mazungumzo husikika "kinatumika na watu wengi", na kwamba kitenzi "-tumika" kimezoeleka kwa maana ya kuwa katika matumizi. Mazoea hayo yanaithibitisha hoja. Kauli ya kutendeka huwasilisha tukio kama hali inayojitokeza yenyewe. Mwaka 1997 mtenda alikuwa ameachwa. Mwaka 2014 sarufi ilikwisha kumfungia mlango.

4.0 Kuweka na Kuendelea

Kwa insafu, tamko la 2014 halikuishia hapo. Sehemu yake ya pili inamtaja mtenda waziwazi: Serikali "itaweka utaratibu" wa kuwezesha matumizi hayo yawe endelevu na yenye ufanisi. Hivyo anayedai kuwa sera hiyo haina mtenda atakuwa ameisoma nusu. Lakini mtenda huyu ameahidi kitu gani? Hakuahidi kufundisha, kuchapa vitabu wala kubadili lugha ya mitihani. Ameahidi utaratibu, nomino pana ambayo ndani yake chochote chaweza kuwekwa, na hata kisipowekwa kitu hakuna atakayejua kilichokosekana.

Tamko linalofuata katika sera hiyohiyo linahusu Kiingereza. Linasema Serikali "itaendelea na utaratibu" wa kuimarisha matumizi ya lugha hiyo katika kufundishia na kujifunzia, nako katika ngazi zote. Matamko haya mawili yakisomwa harakaharaka yanaonekana kuzipa lugha hizi hadhi sawa: mtenda ni yuleyule, njeo ni ileile, nomino ni ileile. Tofauti yote imebebwa na kitenzi kimoja. Kitenzi "-endelea" kina kitangulizi cha kimaana: anayeendelea na jambo alikwisha kulianza. Kitenzi "-weka" katika muktadha huu kinadokeza kuwa jambo halijakuwapo. Kwa hiyo utaratibu wa Kiingereza ulikuwapo siku sera ilipozinduliwa, ukiwa na walimu, vitabu, mitihani na bajeti. Utaratibu wa Kiswahili ulikuwa bado kuwekwa. Lugha moja iliahidiwa kilichopo, nyingine kitakachokuja.

Katika utekelezaji tofauti hiyo ni kubwa. Mtendaji anayesoma matamko mawili yanayokinzana, moja likihitaji kuanzisha na jingine likihitaji kutobadili kitu, atalitekeleza la pili bila hata kukusudia. Kutofanya chochote tayari ni kutii. Toleo la 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa mwanzoni mwa 2025, limeuondoa mkinzano huo kwa kukiacha Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Waliolisikitikia walisema Serikali imebadili msimamo. Kwa usomaji wa makala hii, toleo jipya lilisema kwa uwazi kile ambacho vitenzi vya 2014 vilikuwa vimekwisha kukisema kwa siri.

5.0 Matini Zilizotekelezwa

Huenda ikadaiwa kuwa sera kwa asili yake ni matini ya jumla, na kwamba wahusika, muda na fedha hutajwa katika mikakati, miongozo na nyaraka zinazofuata. Dai hili lina ukweli, lakini halitoshi. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotolewa na Halmashauri Kuu ya TANU, nalo lilikuwa matini ya kisiasa ya jumla. Hata hivyo, liliweka kikomo: elimu ya msingi kwa wote ifikiwe Novemba 1977. Kikomo hicho kiliibua kampeni nzima. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na walimu wakaandaliwa kwa mpango wa kujifunza wakiwa kazini. Gharama yake inajulikana pia: ubora ulishuka, na jina "mwalimu wa UPE" likageuka kejeli. Tarehe haiifanyi sera kuwa njema. Inaifanya iweze kuhojiwa, na ndiyo maana tunaweza leo kuihukumu sera ya 1974 kwa mafanikio na makosa yake. Sera ya 1997 hatuwezi kuihukumu hivyo, kwa kuwa hakuna siku iliyowahi kufika ambayo iliahidi kuwa tayari.

Mfano wa karibu zaidi ni wa lugha ya sheria na mahakama. Kwa miongo mingi hoja zilizotumiwa kukizuia Kiswahili mahakamani zilifanana na zile za shuleni: istilahi hazitoshi, marejeo yako katika Kiingereza, wataalamu hawajaandaliwa. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 haikusubiri hoja hizo zimalizike. Ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ikaruhusu Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji, na ikaambatanisha ruhusa hiyo na wajibu wa kutafsiri. Matatizo ya utekelezaji yapo na yataendelea kuwapo. Hata hivyo, kilichobadilika ni mahali pa mzigo: anayetaka kutumia Kiingereza ndiye anayepaswa kuingia kupitia mlango wa ruhusa. Katika elimu, mzigo bado unabebwa na Kiswahili.

Mfano huu unajibu pia pingamizi la wanaosema kuwa kukosa mtenda ni desturi tu ya lugha ya kiofisi. Matini za sheria zimejaa kauli ya kutendwa na bado hutekelezwa, kwa kuwa mfumo mzima wa mahakama humtambua mwenye wajibu hata asipotajwa. Kauli ya kitenzi peke yake haiui sera. Sera hufa pale mtenda, muda na kipimo vinapokosekana kwa pamoja, na pasiwe na chombo nje ya matini cha kuvirejesha.

6.0 Hitimisho

Taaluma yetu imetumia nguvu nyingi kuthibitisha kuwa mtoto huelewa zaidi kwa lugha anayoimudu na kwamba Kiswahili kina istilahi. Uthibitisho huo ulihitajika na haujapitwa na wakati. Lakini matamko ya 1997 na 2014 yaliukubali uthibitisho huo wote bila kumlazimu mtu yeyote kuamka kesho na kufanya kazi tofauti na ya jana. Tuliendelea kujibu swali la uwezo wa lugha ilhali matini ilikuwa imekwisha kulikubali na kulipita.

Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, uhakiki wa matini za serikali uingizwe katika kozi za isimu na fasihi, ili mwanafunzi anayejua kumtambua msimulizi katika riwaya aweze pia kumtafuta mtenda katika tamko. Pili, rasimu za sera zinapofunguliwa kwa maoni ya umma, wanaisimu wasiishie kutetea lugha ipi itajwe. Wadai kitenzi kiwe katika kauli ya kutenda, wadai mwaka, na wadai kitu kinachoweza kuhesabika mahali pa neno "utaratibu". Tamko lenye sura hiyo linaweza kukataliwa, kama lilivyokataliwa pendekezo la 1982. Kukataliwa waziwazi kuna faida: kunaacha kumbukumbu ya nani alikataa na kwa sababu gani, na kizazi kinachofuata kinapata mahali pa kuanzia. Mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza Januari ijayo anastahili walau kujua ni nani aliyeamua kwamba ajifunze kwa lugha asiyoielewa.