Nyumba ya Wageni Iliyobeba Ufalme

Katika riwaya ya fantasia, yaani hadithi ambayo mwandishi wake huumba ulimwengu wenye kanuni, lugha na historia vya kwake, msomaji huvutwa na majoka na vita, na ni nadra kuitazama kwa makini baa ambamo wahusika hula na kunywa kabla ya kuendelea na safari. Hata hivyo, katika The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ambayo juzuu yake ya kwanza ilichapishwa Uingereza mwaka 1954, msuko mzima, yaani namna matukio yanavyofungamana, unategemea nyumba ya wageni iitwayo Prancing Pony katika kijiji cha Bree, na ufundi wa mwandishi umo katika jinsi alivyouficha uzito huo ndani ya soga za wanywaji.

Bree imo karibu na njia panda ya barabara mbili kuu, na ndani yake wanadamu huishi pamoja na hobiti, watu wafupi wapendao utulivu wa nyumbani, kwa hiyo kila habari na kila msafiri, mwema kwa mwovu, hupitia kwa Barliman Butterbur, mwenye nyumba mnene na mkarimu ambaye kazi humzidi kiasi kwamba wazo moja hulisukuma jingine nje ya kichwa chake. Gandalf, mchawi anayewaongoza wema, alimkabidhi barua ya kumhimiza hobiti Frodo, mwenye dhamana ya Pete ya hatari, aondoke kwao mapema, naye Butterbur akaisahau kwa takriban miezi mitatu, hata wapanda farasi weusi walioitafuta Pete hiyo wakapata muda wa kuingia katika nchi ya Frodo. Hapo ndipo penye jambo la kustaajabisha: mtunzi hakuhitaji msaliti wala laana ili kuuweka ulimwengu ukingoni mwa maangamizi, bali alihitaji mtu mwema mwenye wateja wengi, na kosa hilo linaaminika kwa sababu kila msomaji amewahi kumjua Butterbur mmoja.

Lakini jambo kubwa zaidi limekaa kimya kwenye kona. Mtu mwenye viatu vilivyochafuka kwa matope, anayevuta kiko na kuitwa Strider na wenyeji wanaomshuku, ni Aragorn, mrithi wa kiti cha enzi. Mwaka 1955 Tolkien alimwandikia mshairi W.H. Auden kwamba mtu huyo alipomtokea katika kona hiyo, yeye mwenyewe hakumjua zaidi ya Frodo alivyomjua. Na rasimu zake, zilizochapishwa mwaka 1988, zinaonyesha kwamba mwanzoni mgeni huyo alikuwa hobiti aliyevaa viatu vya mbao na kuitwa Trotter. Kwa maneno mengine, mfalme hakuandaliwa kwanza kisha akatafutiwa mahali pa kuingilia, bali baa ndiyo iliyomzaa, kwa kuwa ni mahali ambapo mgeni asiyejulikana ana haki ya kuketi bila kuulizwa ukoo wake. Ni ujasiri wa pekee wa mtunzi kumwacha mgeni wa namna hiyo akae, kumsikiliza, na kurasa nyingi baadaye kumkabidhi taji.

Katika nyongeza za riwaya hiyo inaelezwa pia kwamba ni Bree ambako Gandalf na Thorin, mkuu wa Vibeti waliofukuzwa kwao na joka, walikutana kwa bahati miaka mingi kabla, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa safari ambayo ndani yake Bilbo, mlezi wa Frodo, aliiokota Pete.

Vita vilipokwisha, wasafiri walirudi Prancing Pony na kumweleza Butterbur kwamba sasa kuna mfalme tena. Kabla hajatambua kwamba mfalme huyo ni yule mteja wake wa kona, aliuliza mtu anayekaa katika ngome kuu na kunywea chombo cha dhahabu ana haja gani na nyumba yake. Naye Sam, mtumishi wa Frodo, akamjibu kwamba mfalme husema bia ya hapo ni nzuri siku zote.