Tasnifu, Makala au Kitabu: Utafiti wa Fasihi Uchapishwe kwa Sura Gani?

Baadhi yetu tunaofundisha Kiswahili katika Kitui na Makueni tumejiendeleza kimasomo hapa hapa Kwa Vonza, ama katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, ama katika bewa la Kitui la Chuo Kikuu cha Kenyatta. Safari hiyo aghalabu huishia kwenye tasnifu yenye jalada gumu. Kisha huzuka swali ambalo wengi wetu hatukufunzwa kulijibu: utafiti huu sasa uende wapi? Ubaki tasnifu? Ukatwe makala? Au usubiri kuwa kitabu?

Wapo wanaolichukulia kuwa swali la vyeo tu. Mimi nashikilia kwamba ni swali la uhakiki. Sura ya uchapishaji huamua ni ushahidi gani utakaobaki na upi utakaotupwa, na mhakiki aliyetupa ushahidi wake hana tena cha kuhakiki.

Tuanze na mtu wa kwetu. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931. Mwaka wa 1954 alichapisha kwa Kikamba hadithi ya Mutunga na Ngewa Yake. Mwaka wa 1966 akatoa Akamba Stories, mkusanyo wa ngano za Wakamba kwa Kiingereza, katika mfululizo wa Oxford uliokusudiwa hasa fasihi ya Kiafrika. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoikamilisha Cambridge mwaka wa 1963, haikutoka kama kitabu hadi 1971. Katikati ya miaka hiyo, mihadhara yake ya Makerere ikawa kitabu cha African Religions and Philosophy, mwaka wa 1969, na hicho ndicho kilichomfanya ajulikane duniani. Tazama alivyogawa kazi yake. Ngano alizipa kitabu kwa sababu ngano haielezwi bila kuwapo. Hoja nzito ya kitaalamu aliiachia tasnifu na kitabu cha wataalamu. Hoja ileile kuhusu dhana ya wakati, ilipohitaji wasomaji wengi, ilipitia mlango wa mihadhara. Sidai kwamba alikaa akapanga hivyo tangu mwanzo. Nasema tu kwamba kila kazi iliangukia mahali palipoifaa.

Sasa usidhani nakupigia debe la vitabu. Mwaka wa 1989 M. M. Mulokozi alichapisha makala yaitwayo “Tanzu za Fasihi Simulizi” katika jarida la Mulika, toleo la 21. Ni kurasa zisizofika thelathini. Humo aligawa fasihi simulizi katika mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi simulizi, semi na ngomezi, akizingatia pamoja na mengine fanani, hadhira na namna ya uwasilishaji. Mtahiniwa anayeulizwa maana ya ngomezi katika karatasi ya tatu anavuna shamba hilo, ingawa pengine hajapata kuliona jarida lenyewe. Mbona makala yalitosha? Kwa sababu hoja ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya uainishaji. Haikuhitaji matini ndefu. Lau Mulokozi angengoja aandike kitabu kizima, walimu wangengoja naye.

Kinyume chake ni Euphrase Kezilahabi. Tasnifu yake ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inahusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mwalimu anayehangaika na Nagona (1990) au Mzingile (1991) angefaidika nayo mno. Lakini wengi wetu tunaijua kwa kunukuliwa na wengine, kama mtu anayesimuliwa ladha ya embe. Ni kweli kwamba siku hizi tasnifu nyingi huwekwa katika hazina za kidijitali za vyuo, kikiwamo hiki chetu cha Kwa Vonza, na hilo limepunguza kilio. Hata hivyo tasnifu huandikiwa watahini watatu au wanne, na msomaji wa nje huhisi mara moja kwamba si yeye anayesemeshwa.

K. W. Wamitila alilikwepa tatizo hilo kwa kuandika mara mbili. Utafiti wake kuhusu ushairi na Fumo Liyongo ulitoka Bayreuth kwa Kiingereza mwaka wa 2001; mwaka uliofuata akatupa Uhakiki wa Fasihi kwa Kiswahili. Cha pili ndicho utakachokikuta mezani mwa mwalimu, kurasa zikiwa zimelegea.

Nami niungame langu. Nilikusanya ngano tisa kwa susu mmoja karibu na Kwa Vonza. Nilipotakiwa kuchapisha, nikaharakia jarida moja la mtandaoni, ambalo silitaji, lililoomba ada na kuahidi majibu ndani ya wiki. Makala yalitoka baada ya siku tano, bila hata koma moja kusahihishwa. Hilo peke yake lingenishtua. Mhariri asiyepata kosa katika maandishi yangu hajayasoma. Ngano tisa nilikuwa nimezibana katika jedwali: anwani, wahusika, dhamira. Mjukuu wa susu alipoomba amsomee bibiye hadithi zake, hapakuwa na hadithi ya kusomwa. Baadaye tovuti ikatoweka. Nami nilikuwa nimetia sahihi fomu ya kuwapa haki zote, kwa hiyo sikuwa na wa kumwomba ruhusa.

Kwa hivyo kabla hujatuma kazi, soma matoleo mawili matatu ya jarida hilo. Tazama kama wahariri ni watu wanaojulikana katika taaluma yetu. Uliza nani ataweza kulisoma bila kulipa: Swahili Forum, lililoanza mwaka wa 1994 ndani ya mfululizo wa Chuo Kikuu cha Köln, husomwa bure na aliye Kwa Vonza sawasawa na aliye Ulaya. Soma fomu ya haki hadi mstari wa mwisho. Kuhusu miongozo ya vitabu teule sitasema mengi. Ina soko, na ina kazi yake kwa mtahiniwa aliyebanwa na wakati, ila si mahali pa kuweka utafiti.

Kanda za susu ningali nazo. Nimeanza kuziandika upya, kwa Kikamba upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, safari hii nikikusudia kitabu. Yeye mwenyewe ameshaniagiza herufi ziwe kubwa.