Mawasiliano kwa Wote: Uhakiki wa Sheria Mbili

Swali la mawasiliano, ndugu msomaji, si swali la mitambo peke yake. Ni swali la nani anasema na nani anasikilizwa. Kwa sababu hiyo hapana budi sheria zetu mbili, ambazo tumezoea kuzisoma mbali mbali, zihakikiwe pamoja: Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya 2006, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 pamoja na kanuni zake za maudhui ya mtandaoni.

Tuchukue pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Bonde la Kyela ni tambarare, lina watu wengi, mpunga na kakao. Hapo kampuni za simu hazikuhitaji kubembelezwa. Lakini ukipita Matema, milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi, watu wamezoea kufika kwa mtumbwi au kwa mguu. Jabali hukata mawimbi ya simu. Kampuni itahesabu vichwa vya wateja, itahesabu gharama ya mnara na umeme wake, kisha itarudi mjini. Na kando ya mto Songwe simu ya mkulima hunasa mawimbi ya Malawi, naye akatozwa bei ya mgeni akiwa shambani kwake!

Kwa hiyo shabaha ya sheria ya 2006 ni sahihi. Soko lilishindwa, umma ukaingia. Mfuko hutangaza zabuni na kutoa ruzuku, kampuni hujenga. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Hiyo ni kazi kubwa, na asiyeiona ana lake jambo. Ila umma unachangia ujenzi, na bei ya kifurushi inabaki kuwa shauri la kampuni. Kata yenye mnara huhesabiwa imefikiwa, hata kama mama anayepeleka vyungu gulioni hana simu ya kufungulia intaneti.

Mgongano mkubwa zaidi uko kwenye sheria ya pili. Kanuni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada za maombi, leseni na mwaka, jumla shilingi 2,100,000. Kijana wa Ipinda angezitoa wapi? Marekebisho ya 2022 yalilegeza kamba, lakini mkono haukuondoka. Oktoba 2023 watumiaji wa VPN walitakiwa kujiandikisha. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, siku ambazo wazazi walikuwa wakiwatafuta watoto wao. Mnara wa ruzuku na mnara wa mjini vilinyamaza sawasawa. Huo ndio usawa tulioukusudia?

Wako makada watakaojibu kwamba mitandao hii ni mali ya mabepari wa Marekani, na kwamba uchochezi na utapeli ni mambo ya kweli. Ni kweli. Lakini tazama ni nani anayepigwa. Tajiri wa California hakosi usingizi kwa ajili ya Kyela. Anayenyamazishwa ni mkulima, mwanafunzi, na hata katibu wa tawi anayetaka kuuliza fedha za kijiji zimekwenda wapi. Kumpiga mwananchi kwa fimbo iliyochongwa kwa ajili ya beberu ni kasumba, wala si mapinduzi.

Tunayo historia ya kujifunza. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Redio ilikuwa ya Serikali, naam, lakini mjadala ulikuwa wa kikundi. Na kijitabu cha Tujisahihishe cha 1962 kiliandikwa na kiongozi wa chama chenyewe kuwakosoa wanachama wake, wala hakuna aliyeomba leseni ili akijadili.

Sheria ya 2006 irekebishwe ili kufikiwa kupimwe kwa idadi ya wanaotumia na bei wanayolipa, pasiwe kwa kuhesabu minara. Na sheria ya 2010 iseme wazi kwamba hakuna afisa atakayezima intaneti bila amri ya mahakama, iliyoandikwa sababu na muda wake, na kutangazwa hadi Ikombe.