Nyoka Mfalme: Hofu Ina Dawa Yake, Njaa Ina Yake

Nyoka mfalme wa California, Lampropeltis californiae, huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, na ukali wake wa siku hizo hupita ukali wa utu uzima. Ukimgusa hutikisa mkia, hukunja shingo, hurusha mdomo, kisha hukumwagia uvundo na kinyesi mkononi. Sumu ya kumdhuru mtu hana. Meno yake hukwaruza tu. Hata hivyo, mfugaji mgeni hudhani ameuziwa shetani. Ama humwogopa asimguse kabisa, ama humshika kutwa nzima akitumaini atachoka.

Kufugika kwa nyoka huyu ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani: amekutana na mkono mara nyingi, haukumdhuru, basi ameacha kuujali. Mapenzi hayamo. Kwa hiyo kazi hufanywa polepole. Kwanza aachwe atulie mpaka ale. Baadaye ashikwe kwa dakika chache, mara kadhaa kwa wiki, mkono ukiingia kutoka ubavuni, maana adui kama mwewe hutoka juu. Ainuliwe katikati ya mwili na aachwe atambae kutoka kiganja hadi kiganja, bila kubanwa kichwa.

Wengi huharibu kazi wakati wa kumrudisha. Nyoka aking'ata, wanamtupa mara moja kwenye kasha lake, naye anajifunza kwamba kung'ata kunalipa. Anayejua kazi hungoja mwili ulegee na ulimi utoke kwa utulivu, ndipo amrudishe. Siku mbili baada ya mlo hashikwi, asije akatapika. Na macho yakiingia ukungu, dalili kwamba karibu atajivua gamba, huachwa pia, kwa kuwa haoni vizuri.

Hofu huisha. Halafu siku moja nyoka mpole, aliyekwisha kukomaa, anaudaka mkono, anajiviringa na kuanza kuutafuna. Huyu hakukasirika. Ameona chakula.

Hapa ndipo nyoka mfalme anapotofautiana na nyoka wengi wanaofugwa. Porini hula panya, mijusi, ndege, mayai, na nyoka wenziwe, hata nyoka wa njuga, ambao sumu yao anaistahimili. Mwaka 2017 watafiti David Penning na Brad Moon walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba nyoka wafalme hubana kwa nguvu kuliko nyoka walao panya walio sawa nao kwa ukubwa, ingawa misuli yao haizidi. Siri waliiona katika namna nyoka mfalme anavyojipanga: mizingo yake hukaa sawasawa kama springi. Kiumbe wa namna hii hudaka kwanza, kisha ndipo achunguze.

Ukali wa njaa hauna kutikisa mkia wala kujikunja. Ulimi hutoka haraka haraka, kichwa kinafuata mkono taratibu, mwishowe anashika. Kumshika mara nyingi zaidi hakusaidii, kwani hofu haipo tena. Kinachotakiwa ni kumtenganishia ishara. Osha mikono iondoke harufu ya panya. Mguse mwilini kwa fimbo yenye ndoano kabla ya kuingiza mkono, ajue kwamba leo hakuna mlo. Chakula kije kwa koleo, sikuzote. Wapo wanaoshauri alishwe katika boksi la pembeni. Mimi sioni faida yake, kwa sababu mwisho wa mlo utambeba nyoka ambaye hamu ya kula bado imempanda.

Akishashika, usimvute: meno yamepinda kwa nyuma, yatachana ngozi. Mwagia maji baridi, au tone la spiriti mdomoni, kisha umfungue kuanzia mkiani. Na usimweke na mwenzake hata wote wawili wakiwa wapole kwako, maana anaweza kummeza.

Upole huu pia haurithiwi. Kila mtoto huanza upya. Wala kufugwa hakumzuii kuishi porini akitoroka: katika kisiwa cha Gran Canaria, nyoka wa aina hii waliotoka mikononi mwa wafugaji walizaliana porini, na katika sehemu walikoenea, mijusi wakubwa wa kisiwa hicho karibu watoweke. Nyoka aliyezoea mkono bado hutafuta upenyo usiku, kwa hiyo kifuniko cha kasha kifungwe kwa komeo, na uhakikishe kila jioni.